Leso Iliyofanya Kazi ya Sanduku

Mimi ni fundi seremala, mzaliwa wa Mombasa, na kazi ya mbao nimeishika tangu nilipomaliza shule. Mkono wangu wa kushoto una vidole viwili visivyokunjika sawasawa, na kovu lililoanza kwenye kiwiko cha kiganja likapanda mpaka karibu na kisugudi. Nimeombwa mara kadhaa, msikitini na kwenye mikutano ya wafanyakazi, nieleze yaliyonipata, na sijawahi kukataa. Ninalotaka wafanyakazi na waajiri walishike ni moja. Masharti ya huduma ya kwanza kazini hayakuandikwa ili kumridhisha mkaguzi. Kila sharti linalinda dakika fulani katika uhai wa mtu, na mimi dakika hizo nilizipitia nikiwa nimelala sakafuni, damu ikinitoka.

Wakati huo nilikuwa kwenye karakana moja ya samani huko Changamwe. Mafundi, vibarua na makarani kwa pamoja tulizidi ishirini. Tulitengeneza milango, vitanda na makabati ya jikoni, na kazi ilikuwa nyingi. Msumeno wetu wa mezani, ule wa mviringo, ulikuwa hauna kinga juu ya meno. Ilivunjika zamani na haikurudishwa. Hata kile kipande cha chuma kinachokaa nyuma ya msumeno ili kuzuia ubao usibane kilikuwa kimeng'olewa, eti kinachelewesha kazi.

Ilikuwa saa nne asubuhi, watu wanajiandaa kwenda kunywa chai. Nilikuwa napasua ubao wa mvule wenye fundo. Meno yalipofika kwenye fundo ubao ulibana, ukanirukia, na mkono wangu wa kushoto ukavutwa juu ya msumeno. Mwanzo sikusikia uchungu wowote. Nilisikia mlio wa mota ukibadilika, kisha nikaona damu inaruka na kutulia, inaruka na kutulia, na maranda yaliyotapakaa miguuni mwangu yakigeuka mekundu. Damu ikitoka kwa mapigo namna ile, ujue mshipa mkubwa umekatwa. Mtu mzima ana damu ya lita tano hivi. Ateri ikikatwa na asipatikane wa kuizuia, dakika chache zinatosha kummaliza mtu, na gari la wagonjwa huwa bado halijaondoka lilipo.

Wenzangu walizima mashine wakaanza kupiga kelele: "Sanduku! Leteni sanduku!"

Sanduku lilikuwapo. Lilikuwa jeupe, limeandikwa vizuri, limetundikwa ukutani ndani ya ofisi ya karani wa fedha. Karani alikuwa ametumwa benki, na ufunguo wa ofisi ulikuwa mfukoni mwake. Kijana mmoja alivunja kioo cha dirisha akaingia. Akakuta sanduku lenyewe nalo limepigwa kufuli, akalivunja kwa nyundo. Ndani mlikuwa na majani ya chai, sukari, mihuri ya ofisi, chaja ya simu, vidonge vya kutuliza maumivu na bendeji moja iliyogeuka rangi ya manjano kwa kukaa. Pamba hakuna, shashi hakuna, glavu hakuna, mkasi hakuna. Na lau vingekuwamo vyote, katika sisi tuliozidi ishirini hapakuwa na hata mmoja aliyefundishwa namna ya kuvitumia. Mmoja alisema nimwagiwe mafuta ya taa. Mwingine alikuja na konzi ya unga wa mbao ili aulundike kwenye jeraha, kwa kuwa ndivyo alivyowaona mafundi wa zamani wakifanya. Siwalaumu. Walitaka kuniokoa kwa kile walichokijua.

Aliyeniokoa hakuwa hata mfanyakazi wa pale. Alikuwa mama aliyetuuzia mahamri na mbaazi langoni, na sote tulimwita Mama Mahamri. Alisikia zogo akaja mbio, akawapangua vijana kwa sauti ya mzazi: "Mlazeni chini! Mpisheni, mpeni hewa!" Akavua leso aliyojitanda, safi, bado ina mikunjo ya pasi. Akaikunja mara mbili, mara nne, akaibandika juu ya jeraha na kuikandamiza kwa viganja vyote viwili, akaegemea juu yake kwa uzito wa mwili wake wote. Damu ilipopenya, hakuiondoa. Alimwita binti yake: "Nipe ile iliyofunika mahamri, upesi!" Akaiweka juu ya ile ya kwanza, akaendelea kukandamiza. Uso wake ulikuwa karibu kabisa na wangu, jasho linamtiririka puani, na hakunyamaza hata kidogo: "Mwanangu, nitazame mimi. Mwanao wa kwanza anaitwa nani? Wa pili je? Usinifumbie macho, mwanangu, nitazame."

Baadaye nilikuja kujua kuwa alipokuwa shuleni alijiunga na vijana wa Msalaba Mwekundu na akafundishwa huduma ya kwanza. Miaka mingi ilikuwa imepita, lakini mikono yake haikusahau. Alijua kitambaa kikishalowa hakiondolewi, kwa sababu chini yake damu huwa imeanza kuganda, na ukikivuta unafungua upya kile ambacho mwili umeanza kukiziba. Alijua kwamba damu hiyo huzuiwa kwa kukandamiza, tena bila kuachia. Mafuta ya taa, majivu na unga wa mbao haviizuii. Huingiza uchafu na kumpa daktari kazi ya pili.

Nilipakiwa kwenye tuktuk, Mama Mahamri amekaa kando yangu, mikono palepale. Kwenye zahanati ya kwanza, ya kibinafsi, mtu wa mapokezi aliuliza kwanza nani atalipa amana. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Siku ile hakuna kati yetu aliyekuwa na nguvu wala muda wa kusoma katiba mlangoni. Mama alimwambia dereva ageuze, tukavuka Makupa hadi hospitali ya serikali kisiwani, na huko nikapokelewa na kuingizwa chumba cha upasuaji. Walinishona mshipa, wakaunganisha kano walizoweza kuziunganisha. Daktari alimwambia mke wangu maneno ambayo mpaka leo anayarudia: aliyekandamiza lile jeraha ndiye aliyemletea mgonjwa badala ya maiti.

Nilidhani mtihani umeisha siku niliporuhusiwa kurudi nyumbani. Kumbe ndio ulikuwa unaanza. Mkono ulikuwa umefungwa plasta na mshahara ukasimama. Karakana ilituma pesa kidogo za pole, kisha kukawa kimya. Mke wangu alipokwenda kuuliza, akaambiwa mume wako ni kibarua, hana mkataba, hatuna deni naye. Mwenye nyumba alianza kubisha hodi asubuhi. Duka la mtaani lililokuwa likituandika kwenye daftari likafunga daftari. Mke wangu alianza kukaanga viazi karai jioni, akiviuza barazani, na watoto wakila baada ya wateja. Wenzangu wa karakana walichanga walichokuwa nacho, Mungu awalipe. Mimi, niliyekuwa nikibeba mlango mzima begani, nikawa siwezi kufunga vifungo vya shati langu. Usiku mkono ulinipwita, na mawazo yakawa mazito kuliko maumivu. Nilijiuliza fundi wa mkono mmoja atakula nini mjini.

Mazoezi ya mkono nayo yalikuwa mateso ya aina yake. Mtaalamu wa viungo alinipa mpira mdogo niubane, na nilipojaribu, vidole havikutii. Alinifundisha kuuloweka mkono katika maji ya uvuguvugu, kisha kukunja kidole kimoja kimoja kwa msaada wa mkono wa kulia. Kila asubuhi, kila jioni. Kuna siku nililia mbele ya wanangu. Lakini kidogo kidogo kidole gumba kilirudi, kikafuata cha shahada, na siku nilipoweza kushika kikombe cha chai bila kukimwaga, mke wangu alipiga vigelegele majirani wakatoka nje.

Mlango wa haki ulifunguliwa na binamu yangu mmoja, dereva wa lori, ambaye aliwahi kuumia bandarini. Alinishika mkono akanipeleka kwa Idara ya Usalama na Afya Kazini, ile inayofupishwa DOSHS. Afisa aliyetupokea alikuwa mwanamke mpole. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akaniuliza: "Ndugu yangu, sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa wapi?" Nikamweleza habari ya ofisi, kufuli na majani ya chai. Akafungua Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 95, akanisomea na kunifafanulia neno kwa neno. Nilihisi kama kwamba walioiandika walikuwa wamesimama karakanani siku ile wakitazama.

Sheria inamtaka kila mwenye mahali pa kazi aweke sanduku au kabati ya huduma ya kwanza na kuitunza, na iwe mahali inapofikika kwa urahisi. Hilo la kufikika ndilo lililonigusa kwanza, kwa sababu sanduku letu lilikuwa nyuma ya mlango uliofungwa, na lenyewe limefungwa tena. Sheria inasema ndani ya sanduku kisiwekwe chochote ila vifaa vya huduma ya kwanza. Nikakumbuka sukari na mihuri. Vifaa navyo vimepangiwa kiwango, na kanuni za huduma ya kwanza zipo nchini tangu mwaka 1977, zamani za Sheria ya Viwanda. Kwa hiyo hapakuwa na mwajiri wa kizazi changu aliyeweza kusema jambo hili ni geni.

Kisha akanisomea habari ya mtu. Sanduku lazima liwe chini ya mhusika maalumu. Pakiwa na wafanyakazi zaidi ya kumi, mtu huyo awe amefundishwa huduma ya kwanza na ana cheti kutoka taasisi inayokubaliwa na Mkurugenzi wa idara, na awe anapatikana wakati wote wa saa za kazi. Sisi tulizidi ishirini, na ufunguo ulikuwa benki. Mwisho, sheria inataka tangazo libandikwe mahali pa kazi likitaja jina la huyo mhusika. Nilimuuliza afisa jina ukutani lina faida gani. Akanijibu: "Siku ile wenzako walipiga kelele wakiita sanduku. Wangekuwa wanajua jina, wangemwita mtu." Tangu siku hiyo nimeliona tangazo lile kwa jicho lingine. Sanduku halina mikono. Anayeokoa ni mtu, na wakati wa hofu akili ya mwanadamu inahitaji kuambiwa amwite nani.

Akaniambia pia kwamba sheria hii haichagui. Ile ya zamani iliegemea viwanda. Hii ya 2007 inahusu kila mahali ambapo mtu yuko kazini, kwa muda au kwa kudumu: karakana, duka, shamba, hoteli, ofisi. Neno kibarua halikuwa kichaka cha mwajiri wangu kujificha, maana hata mkataba wa mdomo ni mkataba wa kazi mbele ya sheria zetu.

Hapo ndipo nilipoijua sheria ya pili, ile ya fidia kwa majeraha ya kazini, ambayo wengi tunaiita WIBA, nayo pia ya mwaka 2007. Inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake. Inamtaka agharimie kumfikisha majeruhi hospitali na alipe matibabu yanayostahili. Mfanyakazi aliyelala kwa jeraha la kazini anastahili malipo ya muda, yasiyozidi miezi 12, na ulemavu wa kudumu hupimwa na daktari kwa asilimia. Ulemavu kamili hukokotolewa kwa mapato ya miezi 96, na ulemavu wa sehemu hulipwa kwa kadiri yake. Dai linapaswa kuwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Nilipoisikia hiyo nilishika kichwa, kwa kuwa nilikuwa nimekaa nyumbani nikisubiri huruma huku wakati unanipita.

Tulifuata utaratibu. Ajali iliyomjeruhi mfanyakazi mwajiri anatakiwa kuiandikia ripoti kwa afisa wa eneo ndani ya siku 7, na yangu haikuwa imeripotiwa. Maafisa walikwenda karakanani, wakaona msumeno usio na kinga, wakaona sanduku. Nikajaziwa fomu, nikapimwa na daktari, faili ikasogea. Kuna siku nilirudi nyumbani mikono mitupu, nauli imekwisha, na kuna siku nilitaka kuacha. Binamu yangu alinikatalia. Mwisho wa yote nililipwa. Sikutajirika, lakini nililipa kodi ya nyumba, nikalipa karo, na nikamnunulia Mama Mahamri doti mbili za leso, mpya, ingawa najua deni lake kwangu halilipiki kwa nguo.

Nilirudi kazini, karakana ileile. Wapo walionishangaa. Lakini nilikuwa na jambo la kufanya pale. Sheria ya Usalama na Afya Kazini inataka mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, yenye wawakilishi wa mwajiri na wa wafanyakazi. Baada ya ukaguzi kamati iliundwa, na wenzangu wakanichagua. Nilipelekwa kozi ya huduma ya kwanza. Siku ya kwanza darasani, mkufunzi alituonyesha namna ya kukandamiza jeraha linalovuja damu, kitambaa juu ya kitambaa, bila kuachia. Machozi yalinitoka. Ilikuwa kazi ileile ya Mama Mahamri, hatua kwa hatua.

Leo sanduku letu liko ukutani kati ya msumeno na mlango mkubwa, halina kufuli, na kila mwanzo wa wiki linakaguliwa na kilichotumika kinarudishwa. Tulio na vyeti ni zaidi ya mmoja, ili mmoja akiwa likizo au akitumwa benki, mwingine awepo. Majina yetu yamebandikwa karibu na sanduku kwa herufi kubwa za Kiswahili, yanasomeka hata kwa kibarua aliyeingia asubuhi hiyo. Msumeno una kinga yake. Kijana mwanafunzi alipojichoma patasi kwenye kiganja hivi karibuni, hakuna aliyekimbia huku na huku. Waliita jina, nikafika, nikavaa glavu, nikakandamiza, nikafunga. Alipelekwa hospitali kwa gari la karakana, na ripoti ikaandikwa siku hiyohiyo.

Kwenu waajiri, ninazungumza kwa heshima. Sanduku lililojaa vizuri haligharimu hata bei ya kitanda kimoja tunachouza. Kozi inachukua siku chache tu, na hapa nchini Msalaba Mwekundu na St John Ambulance wanaifundisha. Mwezi Juni mwaka 2022, Mkutano wa Kimataifa wa Kazi uliweka mazingira salama na yenye afya kazini miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi, pamoja na haki ya kutotumikishwa kwa nguvu. Kwa hiyo anayekuomba sanduku lenye bendeji hakuombi hisani.

Na kwako mfanyakazi mwenzangu, fundi, mpishi, mshonaji, mlinzi, mtu wa ofisini: kesho ukifika kazini uliza mambo manne. Sanduku liko wapi? Linafunguka bila kumtafuta mtu? Ndani yake mna nini? Nani amefundishwa, na yupo sasa hivi? Usingoje kuumia ndipo uulize. Ukikosa jibu hata kwa moja, mwambie msimamizi wako. Akipuuza, nenda kwa afisa wa usalama na afya wa eneo lako. Usiogope kwamba utafukuzwa, kwa kuwa Sheria hiyohiyo ya Usalama na Afya Kazini inamkataza mwajiri kumfukuza au kumkandamiza mfanyakazi kwa sababu tu amelalamikia jambo analoliona si salama. Na ukipata nafasi ya kufundishwa huduma ya kwanza, ichukue. Mimi nimezikwa hai kwa mawazo nikafufuka, nimerudi kwenye mbao, nawalisha wanangu kwa mikono yangu miwili, kwa sababu kulikuwa na mtu mmoja karibu aliyejua la kufanya. Hakikisheni kazini kwenu yupo, na kwamba kila mtu anajua jina lake.